Namna ya Kuwa Mtu wa Mwangaza Mjini Bunia Bila Kumuudhi Mkubwa

Mwongozo huu ni wa yule msomi wa Bunia, au anayekusudia kuwa msomi, ambaye amechoka kuonekana mtu wa kawaida. Hauhitaji shahada. Unahitaji majina manne au matano ya Wazungu waliokufa zamani, uyatamke kwa Kifaransa safi, pamoja na koti lisilobana makwapa, maana hoja za falsafa hutaka mikono irushwe juu. Faida yake ni kubwa: mkutanoni utapewa kiti cha mbele, na Fanta yako itafunguliwa kabla ya za wengine. Hasara ni moja tu, kwamba siku moja unaweza kuelewa unachokisema. Mwongozo umeandikwa ili kukukinga na ajali hiyo.

Anza na majina. Wengi wetu tuliyapata mwaka wa sita wa sekondari, dissertation ya Examen d'État ikitungoja, tukayakariri kwa mpangilio: Locke na mali, Montesquieu na mamlaka matatu, Rousseau na mkataba wa jamii, Kant na wajibu. Matokeo yalipotoka tulimwagiwa poda nyeupe kichwani, tukapanda pikipiki watatu watatu, tukapita Boulevard de Libération tukipiga kelele, na jioni tulipooga wale mabwana wakatoka pamoja na poda. Usijali. Majina yanatosha. Mtu akisema "kama alivyoeleza Montesquieu", hapa mjini hakuna atakayemuuliza alieleza katika kitabu gani.

Ila ili usijikwae, ni vizuri ujue hatari iko wapi. Watu hawa wa Mwangaza, wale wa Lumières, wengi wao wa karne ya 18, wa Paris na Geneva, Edinburgh na Königsberg, hawakukubaliana juu ya karibu lolote. Kuhusu Mungu walibishana, kuhusu wafalme wakabishana, na kuhusu biashara wakabishana zaidi. Hata hivyo ukiyapepeta maneno yao yote linabaki dai moja: anayemtawala mwenzake anadaiwa sababu, na iwe sababu ambayo yeye mwenyewe angeikubali kama wangebadilishana nafasi. Ni dai rahisi kulitamka na ghali kulitimiza. Kazi ya mtaalamu, basi, ni kulitamka kila anapopewa kipaza sauti, na kuhakikisha nafasi hazibadilishwi.

Usione haya kufanya hivyo, kwa sababu waasisi wenyewe walitutangulia. Locke, ambaye vitabu vyake vya 1689 vilieleza kwamba binadamu kwa asili ni huru na sawa, alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya Waingereza iliyosafirisha watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Rousseau alichapisha kitabu kizima juu ya malezi ya mtoto mwaka 1762, ilhali watoto wake watano aliwapeleka kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Kant alifundisha kwamba kila binadamu ana hadhi isiyo na bei, kisha akawapanga binadamu kwa rangi, Wazungu juu, sisi chini. Ufaransa ilitangaza haki za binadamu tarehe 26 Agosti 1789 na watumwa wa Saint-Domingue, koloni lake ambalo leo ni Haiti, wakaendelea kukata miwa. Mwezi wa Agosti 1791 watumwa hao, ambao wengi wao walizaliwa katika nchi ya Kongo, waliamua kulichukua tangazo hilo kwa maana yake ya kawaida. Paris ikafuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, Napoléon akaurudisha mwaka 1802, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikajitangazia uhuru.

Ukitoa mhadhara, ruka ukurasa huo. Ruka pia Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, aliyefundisha falsafa katika vyuo vya Halle na Jena na ambaye mwaka 1729 alitetea hoja ya kisheria juu ya haki za Waafrika walioko Ulaya. Ukimtaja, kijana wa nyuma atauliza kwa nini hakumkuta kwenye daftari lake, na mhadhara wako utakuwa umekwisha. Bora umtaje Leopold II. Huyo aliuhitimu mwongozo huu kabla haujaandikwa: mwaka 1885 aliigeuza nchi nzima kuwa mali yake binafsi, akaiita Dola Huru ya Kongo.

Kuhusu ardhi

Kwenye somo la ardhi, mtu wa Ituri ana nafasi ambayo profesa wa Oxford hana. Locke alisema mtu akichanganya jasho lake na ardhi, ardhi hiyo inakuwa yake, mradi awaachie wengine ardhi ya kutosha na nzuri vilevile. Nusu ya kwanza itamke kwa sauti kubwa. Ukifika nusu ya pili, kohoa. Rousseau naye, mwaka 1755, alimlaumu yule wa kwanza aliyezungushia uzio kipande cha ardhi, akasema ni changu, akapata watu wepesi wa kumsadiki. Aliwalaumu vilevile majirani kwa kutozing'oa zile nguzo. Kanuni ya kuwatumia hawa wawili ni rahisi: ukiwa na kiwanja, mtaje Locke. Ukiwa huna, mtaje Rousseau. Ukikipata, badilisha.

Ukitaka kuona falsafa hiyo kwa macho, tembea kwa miguu mitaa ya Bunia, Nyakasanza, Mudzipela, popote. Utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa zilizochuruzika, kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Mwenye nyumba yumo ndani, anapika sombe, watoto wanacheza uani. Haogopi mwizi wa sufuria. Anaogopa mwizi wa nyumba nzima, atakayekuja mchana, amevaa viatu vilivyong'arishwa, na karatasi mkononi. Ole wake kama karatasi ya mgeni ina mhuri na yake ina jasho tu. Maana hata kupiga mhuri ni kazi, na Locke hakusema ni kazi ya nani inayohesabika.

Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 ilimaliza ubishi kwa njia yake: ardhi yote ni ya Dola, raia anapewa haki ya kuitumia, anaandikishwa, anapata cheti. Cheti kikitimiza miaka miwili, kukipinga mahakamani kunakuwa karibu muhali. Mtu aweza kuzaliwa mahali, akalima hapo, akazika wazazi wake hapo, kisha asubuhi moja akaonyeshwa cheti chenye umri wa miaka miwili na siku moja. Katika Djugu, mashamba makubwa ya mifugo yaliyoanzishwa na walowezi wa Kibelgiji yalipita katika mikono mingine baada ya uhuru, na vyeti vikazidi kupanuka. Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba hayo huko Walendu Pitsi ukageuka vita, jeshi la Uganda lililoikalia Ituri wakati huo likaongeza kuni, na hadi 2003 mashirika ya haki za binadamu yalikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 50,000. Kwenye semina jambo hilo huitwa "mgogoro baina ya jamii". Jifunze kulisema hivyo. Linaondoa cheti kwenye meza na kubakiza makabila, na makabila hayashtakiwi kwenye ofisi ya ardhi.

Montesquieu mwenye kombati

Mwaka 1748 Montesquieu alionya kwamba atungaye sheria, azitekelezaye na ahukumuye wakiwa mkono mmoja, uhuru hakuna. Msomi wa Bunia hulitaja onyo hilo kila mwaka, kwa kawaida akiwa amekaa karibu na mwenye kombati.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya état de siège. Gavana ni mwanajeshi, mameya wametoka polisi, bunge la mkoa likasimamishwa, na raia mwenye kesi ya jinai akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Tusimwonee mtu: sababu ilikuwepo, tena nzito. Watu walikuwa wanachinjwa, na wengi hapa mjini walishangilia tangazo lile kwa moyo wote. Kifungu cha 144 cha katiba kinatoa siku 30, kisha bunge linaweza kuongeza siku 15. Siku 15 zikazaa siku 15, hizo nazo zikazaa, hadi mtoto aliyezaliwa mwezi ule wa Mei akaanza shule. Watu wa Mwangaza wangeuliza ni nani anayepima kama ile sababu ya kwanza ingali hai. Wewe usiulize. Sema kwamba "mchakato unaendelea", kisha shukuru kwa mwaliko.

Na kwa usalama wako, usisome kifungu cha 61. Kinasema kwamba hata chini ya état de siège kuna mambo saba yasiyoguswa: uhai, katazo la mateso, katazo la utumwa, kutoadhibiwa bila sheria, haki ya kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa fikra na dini. Hayo ni sita. La saba huwachekesha watu wanapolisikia: hairuhusiwi kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Katikati ya uhai na utumwa, katiba ikamkumbuka mdaiwa! Nani asiyemjua ndugu aliyelala kasho kwa dola 40 za likelemba, akapelekewa bugali na makayabo kupitia dirishani, hadi ukoo ulipouza mbuzi? Ukimwambia mdai kwamba katiba inakataza, atakuuliza kama katiba ndiyo itakayomlipa. Ukimwambia mwenye funguo za kasho, utaingia umfanyie mwenzako kampani.

Kuhusu Beccaria, aliyepinga hukumu ya kifo mwaka 1764, hatuna haja ya kukaa. Tulikuwa tumesimamisha kunyonga na kupiga risasi tangu 2003. Waraka wa tarehe 13 Machi 2024 umeondoa kizuizi hicho. Mfute kwenye orodha yako ya majina, utabaki na mzigo mwepesi.

Mgeni mlangoni

Sehemu hii ni ngumu, na ukiona umebanwa unaweza kuiruka.

Mwaka 1797 Kant aliandika insha kumjibu Mfaransa Benjamin Constant. Swali lilikuwa hili: muuaji amebisha hodi, anamtafuta rafiki yako, na rafiki yuko ndani kwako. Je, unaruhusiwa kumdanganya? Constant alisema ukweli anadaiwa mtu mwenye haki ya kuupata, na muuaji hana. Kant akakataa. Kwake uongo ni uongo, hata mlangoni, hata kwa muuaji. Tena akaongeza hila ya kimahakama: ukidanganya kwamba rafiki hayupo, kumbe yeye ametoka kimya kwa mlango wa nyuma, akakutana na muuaji njiani, basi damu yake iko mikononi mwako pia.

Kant alikuwa mzee aliyeishi karibu maisha yake yote Königsberg. Aliyembishia hodi ni mtumishi wake Lampe, saa kumi na moja alfajiri, kumwambia muda wa kuamka umefika. Hodi ya namna nyingine hakuizoea.

Ituri iliizoea. Kati ya 1999 na 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, swali lilikuja na panga au bunduki, na lilikuwa fupi: hapa kuna watu wa kabila gani? Watu wa makabila yote walificha majirani wa makabila yote, chini ya kitanda, juu ya dari, jikoni nyuma ya magunia ya makaa. Mlangoni wakasema hayupo, alishaondoka, hapa tuko sisi tu. Kuna waliosema hivyo huku sauti ikitetemeka, na kuna waliosema huku wakimkaribisha muuaji maji ya kunywa. Wengine hawakuaminiwa. Liweke swali la Kant mbele ya darasa la Bunia uone: wanafunzi hawafungui daftari. Wanakutazama wakijiuliza umetoka wapi.

Kwa mtaalamu, hili ni tatizo. Huwezi kumsifu Kant mbele ya watu walio hai kwa sababu jirani alimkaidi. Njia ya kutoka ni kukimbilia kanuni yake nyingine, ile ya 1785, kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha kufikia malengo ya mwingine. Lakini hata hapo kuwa mwangalifu, maana Bunia tunayo mifano yake yenye majina na namba za mafaili. Kadogo, mtoto aliyepewa bunduki inayomzidi urefu, ndiye binadamu aliyegeuzwa chombo, na hukumu ya kwanza kabisa katika historia ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ya tarehe 14 Machi 2012, ilihusu jambo hilo. Thomas Lubanga, ambaye kundi lake la UPC liliuteka mji wetu Agosti 2002, alipatikana na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15, akapewa miaka 14. Bosco Ntaganda, mwaka 2019, alipewa 30. Kwa hiyo ukihutubia wakubwa, epuka neno "mtoto" na neno "askari" katika sentensi moja. Sema "vijana waliojitolea kulinda jamii yao". Makundi mengi yenye silaha ya mkoa huu hujiita walinzi wa jamii, wala hakuna hata moja lililojiandikisha kuwa la washambuliaji, jambo linalomfanya mtu ashangae wanamlinda nani dhidi ya nani.

Kidole cha Adam Smith

Hii ni fupi. Adam Smith alimwazia Mzungu mwungwana anayepata habari kwamba China imemezwa na tetemeko. Atasikitika, atatoa maneno ya busara juu ya maisha ya binadamu, kisha atalala fofofo. Lakini mwambie kesho atakatwa kidole kidogo: hapati usingizi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, huko Djugu, ilivamiwa na wapiganaji wa kundi lenye silaha la CODECO, watu wapatao 60 wakauawa. Jioni ya siku hiyohiyo ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Afrika, Senegal na Burkina Faso, tatu kwa moja. Jijibu mwenyewe ni lipi kati ya hayo mawili ulilolizungumzia zaidi usiku ule. Halafu usiwaseme sana watu wa Kinshasa na Brussels.

Smith hakuishia hapo. Aliamini ndani ya kila mtu kuna mtazamaji asiye na upande, anayetuzuia kununua kidole chetu kwa roho za wengine. Huyo mtazamaji ni mzigo kwa mtu anayepanda ngazi. Mtafutie safari ya kikazi ya muda mrefu, yenye posho.

Bariere, au mtihani wa vitendo

Umeshika majina, umejua pa kukohoa. Sasa toka mjini kwa barabara ya taifa namba 27, ile ya kuelekea Djugu na Mahagi, ufanye mtihani.

Bariere yenyewe haina fahari. Kamba imefungwa mti huu hadi mti ule, imening'inizwa vipande vya mfuko mweusi ili ionekane. Kuna kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Mwenye kiti hana haraka, wewe ndiye mwenye haraka, na huo ndio mtaji wake.

"Chef, habari ya kazi?"

"Kazi iko. Achia watoto sukari."

"Karatasi zote ziko sawa, chef."

"Nimeziona ziko sawa. Watoto nao wako sawa, sukari ndiyo hawana."

Dereva wa pikipiki hageuki nyuma. Anajua bei, wewe pia unajua, na mama mwenye ndoo ya samaki kutoka Tchomia alishaitoa noti yake kabla pikipiki haijasimama, akaikunja mara nne ili isionekane ni ya ngapi. Hapo ndipo msomi anapotakiwa kutoa nadharia. Ukisema hii ni kodi ya mkataba wa jamii, David Hume amekuwahi. Mwaka 1748 aliandika kwamba kudai raia amekubali kutawaliwa kwa kuwa hajaondoka ni sawa na kudai abiria aliyepakiwa melini akiwa usingizini ameikubali amri ya nahodha, kwa kuwa hajajitupa baharini. Aliyewahi kuvuka Ziwa Albert ndani ya mtumbwi uliojaa kupita kiasi hahitaji kusoma zaidi. Na ukisema unalipia usalama, kule Kivu Kaskazini waasi walishalipa jina jambo hilo kwa Kiswahili fasaha, wakitoza wanakijiji ada inayoitwa "lala salama". Hobbes, mwanafalsafa wa utii kwa ajili ya usalama, angesimama kuwapigia saluti.

Utetezi unaokubalika zaidi ni Kifungu cha 15. Kila Mkongomani anakijua tangu enzi za Kasai Kusini, miaka ya 1960, kwamba kinasema jitegemee, tafuta namna. Hakikuandikwa katika katiba yetu hata siku moja. Kifungu cha 15 kilichoandikwa kweli, katika katiba ya 2006, kinaitaka Dola itokomeze ukatili wa kingono. Katika mkoa huu, kati ya vifungu hivyo viwili, ni kile kisichokuwepo ndicho kinachotekelezwa.

Mwenye kiti naye tumtendee haki. Mshahara ukichelewa, mke na watoto hawachelewi kuona njaa. Tena alichokusanya hakilali mfukoni mwake: sehemu inapanda juu kwa mkubwa wake, ambaye naye anapandisha, na jeshini wenyewe huita mpango huo opération retour. Halafu siku anayopata ruhusa ya kwenda kumzika mama yake, akavua kombati na kupanda pikipiki ya watu, kwenye bariere ya tatu anaombwa sukari ya watoto. Anatoa. Hasemi kitu. Nafasi zimebadilishwa, na sababu aliyokuwa akitupa sisi haimtoshi hata yeye.

Kant, huyohuyo aliyeshindwa mlangoni, anafaa hapa. Mwaka 1795, katika kijitabu chake juu ya amani ya kudumu, alitoa kipimo ambacho ningekifundisha kabla ya vingine vyote: tendo linalogusa haki za wengine, kama haliwezi kufanywa ila kwa kuficha kanuni yake, basi si la haki. Mwombe mwenye kiti aandike bei ubaoni, kwa chaki, pamoja na jina la anayepelekewa. Kwenye kituo halali cha malipo ya barabara kuna ubao na unapewa risiti. Kwenye kamba yenye mifuko myeusi utapewa jina la matusi.

Kipimo hicho kinafika mbali kuliko barabarani. Kipeleke kwenye ofisi ya ardhi, kipeleke kasho, kipeleke kwenye zile siku 15. Kifungu cha 142 cha katiba kinaiagiza serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Kwa hiyo wewe uliyesoma hadi hapa ukitafuta kiti cha mbele, kama unayo nakala ya Kiswahili ya sheria yoyote, au unaweza kuitafsiri vizuri, anza na kifungu cha 61. Toa fotokopi, ubandike kwenye mlango wa kanisa, wa msikiti, na wa ofisi ya mtaa wako. Usingoje mfadhili, na usiandike jina la Kant juu yake.